Urefu Hautoki Hewani

Magharibi ilikuwa inakaribia pale Anold alipotumwa rasta.

"Nyeusi, na usiniletee zile za kunata," mama yake alimwambia. Consolata alikuwa barazani, amembana mteja kichwa katikati ya magoti. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa shoti ya umeme. Vidole vyake havikutulia hata alipokuwa akiongea. Alisuka jinsi wengine wanavyopumua. Chumbageni nzima ilimjua. Vidole hivyo ndivyo vilivyolipa ada tangu chekechea, ndivyo vilivyokodi joho la mahafali, na ndivyo vilivyokuwa bado vinamlisha msomi wake, huku degree yake ya Maendeleo ya Jamii imelala ndani ya bahasha chini ya godoro, ikipata joto ambalo mwenyewe hakuwahi kulipata.

Maendeleo ya Jamii! Jamii ipi? Kila ofisi aliyogonga ilimwuliza experience. Sasa mtu utaipata wapi experience na hakuna anayekupa kazi? Labda uzaliwe nayo, kama kitovu.

Akaenda dukani huku mkono wake wa kushoto ukijitandaza pajani, ukijikunja, ukijitandaza tena. Lilikuwa zoezi. Siku hizi alikuwa hafanyi jingine.

Ni kwamba upande wa pili wa mto Pangani, kule Bweni, kulikuwa na hoteli yenye bendi, na bendi ilikuwa imepoteza mpiga gitaa la solo. Mkubwa wa bendi alikuwa Nasri, waliyesoma naye sekondari. Kazi ya mkataba. Chumba, chakula, mshahara. Nasri alimsikiliza Anold akipiga, akatikisa kichwa kwa raha, kisha akamshika mkono akaugeuza kama anayenunua samaki.

"Sikio unalo, bro. Serious. Lakini vidole hivi ni vya mtu au ni tangawizi? Wimbo wetu wa kufungulia unataka kidole cha shahada kibaki huku, kidole cha mwisho kiende kule, vyote vimeshika kwa wakati mmoja. Wewe unaruka kama chura. Nenda kavinyooshe. Mwisho wa mwezi uje, meneja akusikilize."

Basi Anold akawa ananyoosha. Alifuata mzungu mmoja wa YouTube mwenye tabasamu la mtu aliyeshiba: loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, utandaze mezani, tembeza vidole kwenye nyuzi kimoja kimoja kama buibui, usilazimishe. Take your time, mzungu alisema. Time anayo yeye.

Pale dukani aliweka kiganja juu ya kaunta akakitanua mpaka mishipa ikasimama.

"Wajichosha bure."

Sauti ilitoka nyuma yake, karibu mno. Akageuka. Mzee mwembamba, kanzu safi, mikono imeingia ndani kabisa ya mikono ya kanzu. Alinuka mafuta ya nazi. Si mabichi... yale yaliyokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kidole hakinyooshwi na mwenyewe. Kidole huvutwa. Miye nshavuta vya wapiga udi, vya wapiga kinanda, na gitaa pia. Waitwa nani weye?"

"Anold."

"Mie Sadalla. Uchochoro wa pili, mlango usiopakwa rangi. Njoo kesho kabla ya adhana."

Akaondoka. Anold akageuka kuchukua rasta zake. Muuza duka hakumpa mkononi kama siku zote. Alizisukuma zile pakiti kwa rula mpaka ukingoni mwa kaunta, akarudi nyuma.

"Vipi, nina ukoma?" Anold akauliza.

 Muuza duka alikuwa anaufuta ule ubao wa kaunta pale kiganja cha Anold kilipokuwa.

*

Mlango usiopakwa rangi ulikuwa wazi. Ndani, mkeka, meza fupi, chupa ya chai. Hakukuwa na gitaa. Juu ya meza kulikuwa na shingo ya gitaa peke yake. Haina nyuzi, haina mwili. Imekatwa pale shingo inapokutana na kifua.

"Gitaa liko wapi, mwalimu?"

"La nini? Umeleta masikio au umeleta vidole?"

Anold akaketi. Moyoni alisema, tapeli huyu. Atanipaka mafuta, atanisomea, ataniambia lete jogoo mwekundu. Alikuwa na majibu tayari. Lakini mzee hakutaka jogoo. Alitaka mafuta ya nazi tu, na Anold alikuwa amekuja na chupa ya dukani. Sadalla akaifungua, akainusa, akaimwaga dirishani.

"Haya yamekamuliwa na mashine. Mashine haina mtoto. Niletee ya nyumbani kwenu. Nani akamuaye tui kwenu?"

"Mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Wa kulia?"

"Mzee wangu, kwani tui lina upande?"

Sadalla akatabasamu.

Nyumbani, Anold alimwomba mama yake amkamulie tui, alipike mpaka litoe mafuta. Alitegemea maswali. Consolata, binti wa Kisambaa aliyezaliwa kambi ya mkonge na kulelewa kwa rozari, hakuwa mtu wa kupitisha jambo bila kuliuliza mara mbili. Lakini safari hii aliitazama ile chupa tupu kwa muda. Kisha akachukua mbuzi, akaikalia, akaanza kukuna.

"Ni ya gitaa?" aliuliza mwishoni, mgongo umemwelekea.

"Ya kuchua vidole. Mwalimu anasema ya dukani haifai."

"Haya."

Mkono wake wa kulia ukaingia kwenye chicha, ukafumba, ukakamua.

Jioni ile Sadalla aliyamimina yale mafuta kiganjani mwa Anold. Akajifunga kitambaa mkononi kabla ya kumgusa. Akakilaza kiganja cha Anold juu ya ile shingo tupu, kidole kimoja kimoja mahali pake, akakishika cha mwisho kwenye ncha.

"Usipumue."

Akavuta.

Ta!

Kidole kilialika kwa sauti kubwa kuliko kidole. Anold alisubiri maumivu. Hayakuja. Hata chembe. Sadalla akaenda kwenye cha pete. Ta! Cha kati. Ta! Hakuna maumivu. Hilo ndilo lililomtia Anold wasiwasi. Kung'olewa jino kunauma, sindano inauma, hata kunyolewa na kinyozi mbaya kunauma. Hiki kinachotokea mwilini mwako halafu hakikuumi... kinamuuma nani?

Baada ya hapo mzee alimimina chai. Ndipo Anold alipouona mkono wake kwa mara ya kwanza, kitambaa kimefunguka. Alikuwa ameishika ile chupa ya chai kwa kiganja kimoja. Vidole viliizunguka chupa. Vikaendelea. Vikarudi mbele, vikalala juu ya gumba, bado vikiwa na urefu wa kubaki.

Anold akayapeleka macho ukutani.

"Unaishi peke yako, mwalimu? Watu wako wako wapi?"

"Watu wangu?" Sadalla akapuliza chai. "Walikwisha."

Hakusema walikufa. Alisema walikwisha.

*

Asubuhi yake kidole cha mwisho kilifika mahali ambapo hakikuwahi kufika. Anold alipiga kile kipande cha wimbo wa Nasri, polepole, akacheka peke yake chumbani. Baada ya siku kadhaa za kuvutwa alikipiga kwa spidi. Akampigia Nasri simu, akaiweka karibu na gitaa.

"Weee!" Nasri alipiga kelele. "Umekunywa nini wewe? Hiyo ndiyo yenyewe. Njoo na suruali nzuri tu, kazi ni yako."

Kazi ni yako. Tangu ahitimu hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo matatu yakiwa yamekaa pamoja.

Huko barazani mambo yalikuwa yanaharibika.

Kwanza lilianguka chanuo. Consolata aliliokota, likaanguka tena. Kisha mistari ikaanza kwenda upande. Mteja mmoja alirudi na nywele zake zimefumuka kabla ya wiki kuisha, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Mama Anold, siku hizi unasukia miguu?" Watu wakacheka. Consolata naye akacheka. Lakini Anold alimwona akiuficha mkono ndani ya khanga.

"Baridi tu," alimwambia mwanawe. "Mvua ikiisha itaisha."

Hakukuwa na mvua.

Usiku wa kusali, rozari ilimponyoka akaimalizia mezani, akizisukuma shanga kwa kiganja. Anold aliutazama ule mkono chini ya taa. Kulikuwa na jambo halijakaa sawa. Alitazama tena. Ukucha wa kidole kidogo ulikuwa umeshuka, umekaribia fundo. Kidole kilikuwa kizima, hakina jeraha, hakina uvimbe. Kilikuwa kifupi tu. Kama kimeamua kurudi ndani.

"Mama, kidole chako..."

"Salamu Maria," Consolata akasema kwa nguvu, akaendelea.

Anold hakulala vizuri. Akili yake ikaanza kutafuta mtu. Akili ikitafuta mtu haiendi mbali, huanzia kwa jirani. Na jirani alikuwepo: Sabiha, binti aliyefungua saluni upande wa pili wa barabara, vioo, feni, picha za Wanigeria ukutani. Wateja walioondoka kwa Consolata walivuka barabara tu. Nani anafaidi? Na si Sabiha aliyekuja juzi kumjulia mama hali, akamshika mkono muda mrefu, akiugeuza-geuza? Na si yeye anayefagia asubuhi mpaka upande wao? Nywele za watu zinafagiwa na nani, zinapelekwa wapi? Anold hakuamini uchawi. Alikuwa na degree. Lakini alianza kuchungulia dirishani.

Alimwambia mama yake. Consolata alimkatiza hapo hapo.

"Mwache mtoto wa watu."

"Mama, yule ana—"

"Nimesema mwache. Hajafanya kitu."

Alilisema kwa uhakika mno. Anold alilipita hilo. Hasira haina breki. Akavuka barabara.

Sabiha alikuwa anachana wigi lililovikwa kwenye kichwa cha plastiki.

"Karibu, msomi. Leo umekuja kusuka?"

"Nimekuja kukuuliza umemfanya nini mama yangu."

"Miye?" Sabiha akashika kiuno. "Haya, nipe mashtaka yangu."

"Vidole vyake. Unadhani hatuoni? Wateja wote wamehamia huku."

"Ala! Kwa hiyo nikitaka mteja namroga mama yako, siweki feni?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Wasomi nyie mna kazi. Chuo mnakaa miaka, mkirudi mnaroga na kurogwa kama bibi yangu, tena bibi yangu alikuwa na adabu zaidi, alikuwa akibisha hodi."

"Sijaja kutukanwa."

"Hata mie sikufungua saluni nitukanwe." Akasita. Alikuwa anautazama mkono wa Anold ulioshika fremu ya mlango. Chanuo likasimama hewani. "Ebu... mkono wako huo, kaka. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Ulete hapa."

Akaushika. Wasusi wanajua mikono ya watu kama vinyozi wanavyojua vichogo. Akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakifuata kidole cha mwisho mpaka juu, akakiacha ghafla kama kimemuunguza.

Karibu na ncha palikuwa na kovu dogo, jeupe, mfano wa mwezi mchanga.

"Hili kovu nalijua," Sabiha alinong'ona. "Nilikuwepo alipoungua. Alikuwa akichovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, yakamrukia. Miye ndiye niliyempaka asali. Hili ni kovu la mama yako."

Feni ilizunguka.

"Juzi nilipomshika mkono nilikuwa nalitafuta," akasema. "Halikuwepo."

Anold aliuvuta mkono wake kifuani.

"Nani anakuchua?"

"Mzee mmoja... uchochoro wa pili. Sadalla."

"Na mafuta? Anold, mafuta ya kukuchua alikamua nani?"

Anold akageuza macho ng'ambo ya barabara, barazani kwao.

"Yarabi," Sabiha akasema, akaketi. "Bibi yangu alikuwa akikataza. Sisi kwetu hata mtoto mchanga akichuliwa, mafuta hukamuliwa na mtu baki. Mzazi hakamui. Huko kwenu milimani hamkuambiwa?"

*

Hakupiga hodi. Sadalla alikuwa amekaa pale pale, kama kitu kilichowekwa.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Miye nimevuta. Hilo ndilo ulilokuja kutaka."

"Sikutaka vyake!"

"Ulitaka virefu." Mzee alizungumza kwa upole, kama anayemweleza mwanafunzi mzito. "Weye umesoma, wajua. Urefu hautoki hewani, mwanangu. Mtu akiongezeka hapa, kuna mahali mtu amepungua. Mwalimu wako wa chuo hakukwambia?"

"Virudishe."

"Havirudi. Vilivyokwenda vimekwenda."

Anold alishika ukuta. Harufu ya yale mafuta ilimpanda mpaka machoni.

"Basi vitasimama. Siji tena."

"Kuja si lazima. Njia imekwisha kufunguka." Sadalla akaelekeza kidevu kwenye mkono wa Anold. "Ukiunyoosha kwenye nyuzi, vitakuja. Usiponyoosha, vitabaki vilipo. Uamuzi wako. Wenzako wengi walinyoosha."

"Na vya mkono wake wa kulia vikiisha?"

Mzee alimtazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomtoa Anold mbio.

Kwa mama yake hakusema kitu. Angeanzaje? Alimkuta anajaribu kufunga kifungo cha blauzi kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia umejificha ndani ya khanga, akamfungia. Consolata akamshika shavu.

"Kesho si ndiyo Bweni?"

"Ndiyo."

"Piga vizuri."

*

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kumwambia Nasri ana kwa ana. Uongo. Alikwenda kwa sababu alitaka kukaa kwenye kile kiti hata mara moja.

Kivuko kilimvusha mchana. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na upepo, meza zimetandikwa, meneja mwenye tai amekaa mbele na simu yake. Nasri alimpa gitaa la hoteli, jekundu, zito, zuri kuliko chochote alichowahi kukishika. Ngoma ikahesabu. Wakaingia.

Mwanzo wa wimbo ulikuwa mwepesi. Anold alipiga kwa vidole vilivyokusanyika, akivibana kama anayebeba maji. Kisha kikakaribia kile kipande. Aliuona mkono wake ukianza kufunguka wenyewe. Kidole cha shahada kikakaa mahali pake. Cha mwisho kikanyanyuka, kikaelea juu ya nyuzi, kinanusa njia...

Akaona blauzi yenye vifungo wazi.

Akakikunja kile kidole. Kikapinga. Akakikunja kwa nguvu zake zote mpaka jasho likamtoka, akaruka kwenye nyuzi kama chura, akakosa, akaruka tena, akakosa. Wimbo ukavunjika. Mpiga ngoma akasimama.

"Nini hiki?" Nasri alinong'ona. "Anold, are you serious? Juzi kwenye simu ulinipigia hiki kitu kama malaika."

"Rudia," meneja akasema, bado anatazama simu.

Wakarudia. Anold akaharibu tena. Akaharibu kwa ustadi, kwa makini, kama alivyowahi kuandika utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Meneja akanyanyuka akanyoosha suruali.

"Ahsante, kijana. We'll get back to you."

Anold aliijua hiyo sentensi. Alikuwa nayo kwenye simu, kwenye barua pepe, nyingine kwa herufi kubwa. Safari hii, kwa mara ya kwanza, ilimfurahisha. Kwenye kivuko cha kurudi alikaa juu ya mkono wake wa kushoto njia nzima. Ulikuwa unapapasa chini yake. Akaukalia.

Maskini, ndiyo. Hana kazi, ndiyo. Lakini mama angebaki na kile alichobakiwa nacho. Angeuza karanga, angebeba zege, angefanya lolote lisilo na nyuzi.

Alifika Chumbageni jua linaingia. Mlango wa kwao ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani hakuna mtu. Sakafuni palikuwa na mbuzi ya kukunia, chicha bado mbichi, sufuria bado ya moto.

Sabiha alimwita toka ng'ambo. "Mama yako katoka sasa hivi. Nimemwita hakuitika. Kabeba chupa."

Anold hakuuliza amekwenda wapi.

Mlango usiopakwa rangi ulikuwa wazi. Consolata alikuwa ameketi mkekani, amevaa gauni lake la kanisani. Chupa ya mafuta iko mbele yake. Sadalla alikuwa anajifunga kitambaa mkononi, taratibu.

"Karibu," mzee akasema. "Twakungoja weye."

"Mama! Toka humu!"

"Hukupiga," Consolata akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na masikitiko yale ya siku ya matokeo mabaya. "Nilikaa mchana kutwa nimeushika mkono, nangoja. Ukipiga huwa nasikia. Leo hakuna kitu. Nikasema labda tumekosea mahali, nije nimwulize mwalimu."

Anold akaitazama ile chupa, kisha mama yake.

"Ulikuwa unajua?"

"Alipita pale barazani, siku nyingi, kabla yako. Akaniuliza nina mtoto gani aliyesoma hana kazi. Nikamwambia ninaye mmoja." Akautoa mkono wa kulia ndani ya khanga, akauweka mapajani. Kilikuwa kiganja, na kingo za kiganja. "Kwani shida iko wapi, baba? Nilikusomesha kwa hivi vidole. Ulishavila tangu chekechea. Leo ndiyo umeona haya?"

"Nimekataa kazi! Kwa ajili yako!"

"Kesho utamwomba radhi Nasri. Atakusikiliza tena." Akasukuma ile chupa mbele. "Nimekamua kwa wa kushoto. Wa kushoto bado ninao."

Anold alimrukia. Akamshika huo mkono wa kushoto, ungali unateleza mafuta, kwa sababu wa kulia haukuwa na pa kushika. Akamnyanyua. Sadalla hakusogea kuwazuia. Alijibanza ukutani kuwapisha, kwa adabu, kama mwenyeji anayewapisha wageni.

Wakatoka. Anold akaenda mbio, akimkokota mama yake uchochoroni, akiapa, akilia, akitukana kwa Kiswahili na Kiingereza. Atamhamisha. Watapanda Lushoto, milimani kwao. Watakwenda kwa paroko. Watakwenda hospitali. Nyuma, ukuta, mlango, giza la kwanza.

Ta!

Akasimama. Akageuka. Amewafuata?

Sadalla alikuwa kule mbali, mlangoni kwake, mikono yote miwili imeshika fremu.

Ta!

Kitu kilianguka chini, kikalia kwenye jiwe, kikabiringika mpaka mtaroni. Kidogo, cha dhahabu. Pete ya ndoa ya mama yake.

Anold akautazama mkono wake wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa vimeuzunguka mkono wa Consolata. Vikaendelea. Vikakutana upande wa pili, vikapandana. Akajaribu kuvifungua. Havikufunguka.

"Mama... niachie."

"Si mimi niliyeshika."

Ta!

Akavuta kujinasua. Hapo hapo akajua kosa lake, lakini mkono ulikuwa umekwishajua zaidi. Consolata alimsogelea, akamfuta machozi kwa kile kiganja kisicho na vidole. Kilikuwa laini, kina joto, kinanuka nazi.

"Usiogope," alimnong'oneza. "Hata hainiumi. Vuta, baba."